Kijana wa Njugu na Mtoto Mgongoni

Jumatatu, 9 Juni
Sare nne, zipu mbili zimeharibika. Saa sita Fabrice, yule kijana Mrundi wa njugu, amepita mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji na beseni kichwani, Kinya wa miaka mitatu amelala fofofo mgongoni. Mama Kinya alikuwa anapakua ndizi zake kwenye lori, akamwomba amshikie mtoto. Miaka kumi na tisa na anabeba kama shosho na mjukuu wake! Nilicheka hadi nikachukua video. Nimeiweka kwa stetasi.

Jumanne, 10 Juni
Ai! Mtu ameichukua video yangu akaikata. Kicheko changu hakipo. Juu ameandika: wageni wanaiba watoto hapa Nkubu. Wa Embu wamejibu, wa Nanyuki, hata mmoja yuko Qatar. Wanaandika: warudishwe kwao. Wachomwe. Na ni watu wenye picha za harusi na ubatizo kwenye akaunti zao. Sikujua maneno yanaweza kwenda mbali hivi kwa siku moja. Nimefuta stetasi. Haijasaidia. Naogopa, na sijamwambia mtu.

Jumatano, 11 Juni
Fabrice hajaonekana. Wenzake wawili wamefukuzwa kule Makutano, njugu zao zikamwagwa barabarani. Nimefanya hivi mimi. Sijala.

Alhamisi, 12 Juni
Saa nne Fabrice alirudi sokoni. Vijana wa boda wakamzingira, mmoja na simu, mwingine na jiwe. Nilitoka mbio, tepu ya kupimia bado shingoni. Nikasema video ni yangu. Nikawaonyesha yote kwenye simu yangu, pamoja na kicheko. Yule wa jiwe akasema nimehongwa.

Hapo Mama Kinya akainuka katikati ya ndizi. Hakupiga kelele. Akamgeuza Fabrice kwa mabega, akampandisha Kinya mgongoni, akamfunga kwa leso yake mwenyewe, fundo kifuani. "Zunguka soko, uuze." Kisha akaketi, akaendelea kupanga ndizi.

Mwathani, Mungu wangu! Kinya anatafuna njugu huko juu. Wale vijana wakapisha njia. Nilisikia jiwe likianguka. Nywele zilinisimama, na hata sasa nikiandika zinasimama. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu hivyo, na alikuwa ameketi chini.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetafuta mtandaoni video ya alichofanya Mama Kinya jana. Hakuna aliyechukua. Ile ya uongo imefika grupu la kanisa letu. Nimeandika kwamba niliichukua mimi, na yanayosemwa ni uongo. Watatu wametoka kwenye grupu. Watoke.

Jumapili, 15 Juni
Mvua kidogo. Baada ya misa Fabrice amekuja, shati limepigwa pasi. Anataka picha ya kumtumia mamake. Wapiga picha wako pale stendi, wa kutosha. Amekuja kwangu.

Nimemwomba simu yake mwenyewe, picha isibaki kwangu. Akasimama wima kando ya cherehani. Ya kwanza ikatoka na ukungu. Nikapiga tena. Akaitazama, akasema mamake atafurahi, ataona mwanawe amenenepa.