Mpwa Wangu Hajalewa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Babu Sindano, ndilo wanalonijua nalo wote
Umri: Sabini na ushee, meno yote yangu
Kazi: Fundi wa kushona vyandarua
Makazi: Nyuma ya soko, chumba kilichopakana na karakana yangu

Mimi hakuna mbu mjini hapa asiyenijua. Wakisikia cherehani yangu wanahama mtaa. Huyu mliyemweka ndani ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amekuja kututembelea kutoka ng'ambo. Hii wiki ya tatu.

Daktari wa huko alimpa vidonge vya kuzuia malaria. Akaviacha. Akanionyesha simu: "Mjomba, wanasema kiangazi hakuna malaria. Ukijipaka pombe kali yenye karafuu, mbu hakugusi."

"Nani kasema?"

"Hakuweka jina, ila watu elfu arobaini wamempenda."

"Hata mimi napendwa, we mjinga, lakini sijawahi kunywewa kama dawa."

Akacheka. Chandarua nilichomshonea akakitundika dirishani, eti pazia.

Mnamo tarehe 14 Februari, yaani leo, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani. Akatoka chumbani amejifunika kile chandarua, kinaburuzika nyuma yake kama ukungu. Jua linawaka, yeye anatetemeka. Akasema, "Mjomba, mbona theluji haina sauti?" Nikadhani ananitania, maana kwetu utani tunarithishana. Akashika barabara polepole. Pikipiki zikasimama, watu wakampisha kama wote wanamwota katika ndoto moja. Nikamfuata. Akaingia kwa kinyozi, akaketi, akasema kwa adabu, "Ninyoe hii baridi."

Kinyozi akanusa pombe, akapiga simu. Askari wenu naye akanusa, akamtia pingu. Simlaumu, kijana ananuka kama kilabu kizima. Lakini hiyo pombe iko kwenye ngozi, mdomoni haikufika. Mnuseni kinywa. Mshikeni paji la uso. Mimi nilimshika pale kinyozini, mkono ukaruka wenyewe.

Afande, umeandika vya kutosha. Dada yangu ana huyu mmoja tu. Mimi maneno hayajawahi kuniishia, leo yameishia hapa. Leta wino.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

Maelezo nimeyaandika kama alivyotamka. Shahidi alikataa nimsomee, akasema nifungue mlango wa selo kwanza. Nimefungua. Mahabusu amepimwa zahanati saa saba mchana: malaria kali, amewekewa dripu. Shahidi yuko kando ya kitanda cha mpwa wake, anafukuza mbu kwa kofia yangu.

Afisa wa zamu