Usikisugue Kisu cha Mjerumani

Bellevue, Johannesburg, mwezi wa Shaaban. Mwaka wa thelathini na mbili tangu niiache Tanga.

Mke wangu Zuhura, mjukuu wangu,

Huku hatujambo. Mtoto wa ami yako ameanza kusema. Neno lake la kwanza ni "eish", mshangao wa watu wa huku.

Umeuliza kama ukisugue kile kisu cha Kijerumani cha sandukuni kabla ya Idi. Simu yako haipatikani tangu juzi, na roho yangu haitulii. Tafadhali usikisugue.

Babu yangu alirudi kutoka vita vya Wajerumani na visu viwili. Kimoja shangazi yangu alikisugua kwa majivu na ndimu, pamoja na masinia ya Idi. "Njooni mumwone bwana harusi!" akatuita. Babu akapapasa bapa, akitafuta jina ambalo rafiki yake aliyefia vitani alilikwaruza kwa msumari. Halikuwapo.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Kimetakata." Hakukishika tena.

Wanaokusanya visu hivi hapa Joburg huuliza kwanza kama vimesuguliwa, nami humwona babu akipapasa.

Hicho chako ndicho cha pili, huenda nacho kina jina. Kiache na weusi wake, ukipake mafuta ya cherehani kidogo, ukitoe kwenye ala ya ngozi, maana hushika unyevu. Usiningoje nije nikuonyeshe. Mimi sirudi tena.