Filamu Iliyokuwa Inakauka Dirishani

Kileleshwa, Jumanne, tarehe 14 Julai. Asubuhi ya baridi na manyunyu.

Mjukuu wangu Zuhura,

Sote wazima. Mama yako amepona mafua, na babu yako ameanza tena kubishana na redio. Umeniuliza kwa nini tulinakili negativu mara mbili kabla ya kuchapa picha kwa jua.

Miaka ya sitini nilikuwa msaidizi katika studio ya Mzee Salim, katikati ya mji. Bi Rukia alituletea negativu ndogo ya marehemu mumewe, ile filamu ambayo weusi huonekana weupe na weupe huonekana weusi. Picha yenyewe ilikuwa imepotea, naye alitamani kumwona tena, kwa picha kubwa ya buluu, ile inayochapwa kwa jua. Uchapaji wa jua haukuzi: negativu hulazwa juu ya karatasi, na picha hutoka kwa ukubwa uleule. Kwa hiyo tuliikuza kwanza kwenye filamu kubwa, ambayo huonyesha mtu kama alivyo, weusi na weupe mahali pake. Hiyo ndiyo ingenakiliwa tupate negativu kubwa.

Bi Rukia aliingia filamu hiyo ikiwa inakauka dirishani.

"Huyu hapa! Na kofia yake upande!"

"Hiyo ni ya njiani tu," akasema Mzee Salim. "Ngoja ya karatasi."

"Nimeshamkuta, ningoje nini? Nifungie."

"Filamu utaitundika wapi, mama?"

"Dirishani. Wewe ulimtundika wapi?"

Mzee alicheka, akamfungia. Mimi nilikuwa nimeiona kama hatua tu. Tangu hapo sikupitisha filamu ya kati bila kuitazama.

Shajara yangu ya siku hiyo ni fupi: picha ya buluu haikuchapwa, Bi Rukia ameondoka akicheka, nalala saa tatu.

Bibi yako