Hotuba ya Mzee Walubengo

Emmy uko? Niko Bungoma kwa kina Nekoye, bibi harusi wa ile video nilipiga, nimejificha nyuma ya kamera.

Unakumbuka laptop ilijaa juu ya git, ile programu ya kuweka nakala ulinifundisha, ati inaweka kila kitu mara mbili? Video ya harusi ilikuwa kwa folda ya Kitale ya upande wa bwana harusi, kwa folda ya Bungoma ya kina Nekoye, na ingine ndani ya git. Nikajiona mjanja. Nikaunganisha zote zikuwe faili moja yenye majina matatu. Nafasi ikarudi, nikafurahi vibaya.

Kisha mama ya Wachira, bwana harusi, akanipigia kutoka Kitale. "Gladwell, toa hotuba ya mjomba wa Nekoye, ni ndefu sana." Nikatoa kwa folda ya Kitale. Ya Kitale pekee, Emmy.

Leo ukoo wote wa Nekoye umekaa, projekta inawaka. Tumefika mahali pa hotuba, nikaona video imeruka hadi kukata keki.

Keki, Emmy. Na mjomba mwenyewe, Mzee Walubengo, amekaa mbele na suti ileile ya harusi.

Si faili ni moja bana, ukikata huku umekata kule. Nikakimbilia nakala ya git. Keki.

Mzee akanigeukia polepole. "Msichana, mimi niko wapi?"

Nikamwambia ukweli, ati nilikuwa napunguza mzigo kwa kompyuta.

Akasimama, akafunga koti. "Basi washa kamera. Siku ile hata sikumaliza."

Hiyo ni saa moja na nusu imepita. Sasa laptop, ndiyo inarekodi, imeniandikia diski imejaa, na hotuba ya mzee ndio imefika kwa habari ya babu yake.