Kipimo cha Sinki

Shoga, acha unachofanya. Dada yangu kaingia kwangu sasa hivi na ndala za jikoni, hata mkoba hakubeba.

Unajua alivyopigania sinki jipya likae chini ya dirisha. Leo fundi bomba kaja kuweka alama ukutani kabla hajachimba njia ya mabomba. Akamwomba dada asimame wima, akunje mkono, ampime usawa wa kiwiko ili asije akaumwa mgongo akiosha vyombo.

Mama mkwe wake akasema, taratibu kabisa, "Usimpime huyo. Pandisha kidogo. Anayekuja ni mrefu."

Anayekuja, shoga. Mbele ya fundi.

Dada akadhani kasikia vibaya. Fundi kabaki na futi mkononi, hajui amtazame nani.

Dada akamgeukia mumewe, aliyekuwa kaegemea friji muda wote huo. Akamuuliza, "Mama anamzungumzia nani?"

Shemeji hata haya hakuona. Akaukadiria ukuta kwa macho.

Kisha akamwambia fundi, "Ongeza sentimita nane, zinatosha."