Uzi Mwekundu wa Chemchemi ya Mugoma

Mpwa wangu Editha,

Marahaba, huko shuleni Biharamulo. Mama yako mzima, migomba imebeba, na mimi bado ndiye mwenye nguvu kuliko wanaume wote wa Mugoma.

Umeuliza kama kweli chemchemi yetu ina plastiki. Wa kwanza kuiona ni mjomba wako.

Kabla sijaota mvi alikuja mtafiti, dada mmoja mwenye chupa za kioo na hadubini. Akanituma maji. Kwetu mgeni hapewi maji yasiyochujwa, basi nikayachuja kwa siri na sweta langu jekundu la mtumba, ili Mugoma iwe ya kwanza duniani kwa usafi.

Akachungulia, akacheka. "Kaka, chemchemi yako imevaa sweta!"

Nami nikachungulia. Nyuzi nyekundu zilielea polepole kama mawingu ya jioni. Kumbe, akanieleza, sweta lile lilifumwa kwa nyuzi za plastiki tupu! Nikaungama, asije akaiandika chemchemi yetu kuwa chafu.

Akachota mwenyewe. Humo ulielea uzi mmoja tu, mwekundu, mwembamba kuliko unywele.

Niliujua uzi ule. Sweta lile nilikuwa nalifulia pale pale chemchemini, kila Jumamosi.

Siku hizi nafulia mbali na bonde. Lakini kila nikitaka kunywa, nainua glasi kwenye jua, naitafuta rangi yangu.

Mjomba wako,
Deo