Wimbo wa Mikoko Si Wako Tena

Wifi yangu mpenzi Zuhura,

Sijui salamu hufikaje huko uliko, kwa hiyo nimeanza kwa kukusomea Yasini, ndipo nikashika kalamu. Sisi huku wazima, tunashukuru. Mama yako naye mzima, ila kumbukumbu zake siku hizi zinakuja na kuondoka. Kaka yako magoti yanamsumbua na hataki kuambiwa. Mimi nimechoka, wifi. Si uchovu wa kazi, huo nimeuzoea. Nimechoka na watu, na wewe pia kidogo, kwa kutuachia kazi ambayo hukuimaliza. Kuna jambo nimelifanya juu ya ile mikoko yako na juu ya jina lako, na ninataka ulisikie kwangu kabla hajakufuata mtu mwingine huko akakusimulia kwa namna yake.

Unakumbuka nilivyoletwa? Mimi wa Kiwangwa, nimezaliwa kwenye mihogo na mikorosho, bahari nilikuwa naijua kwa kuisikia tu. Mtaa mzima ulingoja kuona tutakavyogombana, maana wifi mmoja nyumbani kwa kawaida anatosha kumrudisha mtu kwao. Wewe asubuhi ya kwanza niliyoruhusiwa kutoka ndani ukanishika mkono, ukanipeleka kijitoni, upande wa Kaole, kutanda uduvi. Ulishika ncha mbili za kanga kuukuu, mimi nikashika mbili, tukaikokota majini katikati ya mizizi ya mikoko. Nikawa nazama matopeni hadi magotini. Ulicheka mpaka ukaachia nguo na uduvi wote ukatutoka.

"Usikanyage kama unayetwanga, wifi," uliniambia. "Telezesha mguu, matope yatakupisha."

Tulirudi na kikapu kimejaa, mama yako akaupika uduvi ule kwa nazi, nami nikala mpaka nikaona haya, bibi harusi mzima nalamba vidole mbele ya wakwe. Wakati ule hukuwa na elimu yoyote ya miti. Ulikuwa msichana aliyependa mahali pale, basi.

Elimu uliipata baadaye, serikali ilipokupeleka masomoni bara ukarudi bibi maendeleo mwenye baiskeli. Mama yako siku ya kwanza alifunga mlango asione buibui lako likipepea barabarani. Hukujali. Pale baiskeli ilipokuwa haifiki uliipandisha juu ya lori, na hivyo ndivyo ulivyofika nayo mpaka Mkange, ukarudi umejaa vumbi na habari za watu.

Mkutano wako wa kwanza hapa mjini uliufanya uani kwetu. Ulichora kwa mkaa kwenye ukuta tuliotoka kuupaka chokaa, na mama yako hakusema nawe hadi usiku. Ulichora mizizi, ukachora kamba wadogo ndani ya mizizi, ukawaeleza wanawake kuwa pale ndipo kamba na uduvi wanapolelewa, na kwamba mikoko ikiisha bahari itaingia na visima vitageuka magadi. Walikusikiliza kwa adabu zao zote. Kisha Bi. Mwanaidi, yule mpika chumvi wa mtaa wa chini aliyewalea wanawe peke yake kwa chumvi hiyo hiyo, akauliza kwa upole tu: chumvi yake sasa aipike kwa kuni gani, au aipike kwa maneno yako? Uani kukawa kicheko kitupu. Nawe ukacheka pamoja nao, ukasema hujui, lakini ukipata jibu utarudi.

Kwa hilo walikupenda, kwa sababu hukujifanya. Na kweli ulihangaika ukarudi na jibu. Ulitufundisha kutengeneza vijaruba vya udongo ili jua la kiangazi likaushe maji ya chumvi lenyewe. Ulitufundisha jiko la udongo linalofungia moto ndani, na kupikia vifuu na makumbi tuliyokuwa tukiyatupa. Ulipita nyumba kwa nyumba, viganja vyako vimekauka udongo, na wanawake wakakufuata mmoja mmoja. Bi. Mwanaidi mwenyewe alikandika jiko lake na kulichora maua ubavuni. Kwa msimu mzima panga lilisikika kijitoni mara chache mno. Nakumbuka ulikuwa unalala mchana kwa raha, kitu ambacho hukuwahi kukifanya kabla.

Laiti ungeishia hapo. Ulisema maneno ya mkutano hayakai kichwani, kwamba hapa kwetu jambo halijawa jambo mpaka liimbwe. Hilo ulisema kweli. Ila ulisahau, wewe mwenyeji, kitu ambacho hata mimi wa kuja nilikuwa nakijua: mji huu mwanamke huzaliwa Waridi au huzaliwa Shani. Makundi mawili ya lelemama, ngoma ya wanawake, yameshindana tangu enzi za bibi zetu, kwa sare, kwa ngoma, kwa biriani, hata kwa wingi wa machozi msibani. Mama yako ni Waridi tangu tumboni, kwa hiyo na wewe Waridi, na mimi nilipoolewa nikawa Waridi bila kuulizwa. Wakata mikoko wengi walikuwa Shani, kwa kuwa mtaa wao ndio unaopakana na kijito. Wewe ukatunga wimbo, ukatupa sisi tuucheze.

Ulikuwa mzuri, wifi. Bado ni mzuri. Mkoko wenyewe ndio uliokuwa ukisema: "Nimewalelea kamba, mbona mwanikata miguu?" Tuliucheza kwenye harusi, sare zetu nyekundu, na wanaume wa barazani waliacha bao wakaja kuchungulia. Wanawake wa Shani walikaa wamekunja mikono. Mpaka siku ile mikoko ilikuwa mikoko. Baada ya siku ile ikawa mali ya Waridi, na kuiacha isimame ikawa ni kukubali umeshindwa.

Hata sasa nikikumbuka asubuhi iliyofuata sijui nicheke au nilie. Walikwenda kijitoni wote, wamevaa sare zao za rangi ya samawati, mapanga mkononi, wanaimba. Walikata hata miti wasiyokuwa na haja nayo. Walikata wale walioacha zamani kukata. Bi. Mwanaidi alilivunja lile jiko lenye maua akarudisha mafiga yake matatu. Na sisi nasi, badala ya kunyamaza, tukanunua kanga mpya tukaenda na ngoma kupanda miche. Wakaing'oa. Tukapanda. Wakaing'oa. Ukawa mchezo wa mji.

Ulikuja ukakaa jikoni kwangu, kwenye kibao cha mbuzi, hukukuna nazi wala nini. "Wanajua ninasema kweli," uliniambia. "Wanajua, wifi, na bado wanakata." Nilikuwa namenya muhogo, nikaendelea kumenya.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kwenda na kurudi. Uliacha ngoma, ukawa unapita peke yako mtaa wa chini, mlango kwa mlango. Walikukaribisha, walikupa maji ya kunywa, walimuulizia mama yako hali, na ukifika kwenye mikoko wananyamaza mpaka unaaga. Wakubwa wako wakaleta gari la sinema. Watoto walifurahi sana. Picha zilikuwa za mlima unaomomonyoka huko bara, na mzee mmoja akauliza kwa nia njema kabisa mlima wetu sisi uko wapi. Ulirudi nyumbani siku hiyo ukavua viatu ukasema umechoka, na mimi nikadhani ni uchovu tu, kumbe ule ugonjwa wa ini uliokuchukua ulikuwa umeshaanza.

Sasa nikuambie habari za hitima yako, maana hakuna aliyekuambia. Walikuja wote, Waridi na Shani. Msiba hauna kundi, hilo sifa ya mji huu, silikatai. Siku ya tatu tukapika pilau la watu wengi, masufuria makubwa uani, chini ya ule ukuta uliouchora. Nilishika mwiko mimi. Nilipoinama kusukuma moto nikaona kuni. Mikoko mitupu, wifi. Mibichi kwa mikavu, imepangwa vizuri, inawaka kwa nguvu. Na walioileta hawakuwa Shani. Ni sisi Waridi, wale wale walioimba, kwa sababu wageni ni wengi na kuni za mikoko ndizo zenye moto wa kuaminika. Nilitazama huku na huku nione nani ameona. Hakuna. Nikakoroga. Nilipakua, nikala na mimi. Nilikuwa na hasira nao, na mimi mwenyewe, na zaidi nilikuwa na hasira na wewe, uliyelala kimya umetuachia.

Bi. Mwanaidi alikaa nami siku zote za matanga. Amezeeka sasa, chumvi imemharibu macho. Jioni moja wakati tunakunja mikeka akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Zuhura alikuwa na haki. Ila hakuwa wetu."

Nimelala na maneno hayo karibu mwaka mzima. Uduvi mwaka huu haukuja. Tumekwenda kutanda na kurudi na majani ndani ya kanga. Kisima cha mtaa wa chini kimeanza kukolea chumvi, wanachota wanachanganya na maji ya mvua. Mikoko iliyobaki ni ule upande wa ndani tu, na wapika chumvi wameshaanza kuufungulia njia. Watu si wajinga, wanaona. Lakini hakuna Shani atakayekuwa wa kwanza kusema Waridi walisema kweli, na hakuna Waridi atakayeacha kuwakumbusha kwamba walisema. Nikaona hivi: wakichagua kati ya maji matamu na heshima ya kundi, watakunywa magadi.

Basi nikaenda kwa Bi. Mwanaidi, maana siku hizi ndiye mkubwa wa Shani. Nikampigia shikamoo, akaitikia, akanipa mkeka. Nikamwambia nimekuja kumpa wimbo. Si kumkopesha, kumpa. Wauchukue, wauvishe sare yao, waseme ni wao. Alipapasa shanga za tasbihi, kisha akataja masharti yake kwa utulivu kama anayenunua samaki. Waridi wasiuimbe tena, si harusini wala shambani. Asitokee mtu wa kuwaambia watoto kwamba ulitungwa na mwingine. Na jina lako lisitajwe, kwa kuwa likitajwa wanawake wake watarudi kwenye mapanga. Watasema waliachiwa na bibi zao. Nilimuuliza kama hilo jina halina njia nyingine. Akasema naye alikuwa anakupenda, ndiyo maana ananiambia ukweli.

Nikakubali. Sikumuuliza kaka yako. Wanawake wa Waridi niliwaendea mmoja mmoja, wengine wamenitukana, mmoja amesema nimemuuza marehemu. Sikujibizana naye. Labda nimekuuza. Lakini nilikutazama ukifanya kazi ile, viganja vimepasuka, na sikuwahi kukusikia ukisema unataka kusifiwa. Ulisema unataka ibaki miti. Nimeshika hilo, na kama nimekosea utanisamehe ukipenda.

Ijumaa alasiri kulikuwa na harusi mtaa wa chini. Nilimchukua mama yako, nikamketisha kivulini, nikakaa pembeni yake. Shani walitoka na samawati yao, ngoma ikalia, wakauimba. Maneno ni yale yale. Bi. Mwanaidi aliwatangulia, amefumba macho, na niseme kweli, wameucheza vizuri kuliko sisi. Kabla ya kuanza alieleza kwamba ni wimbo wa zamani wa mtaa wao, na kwamba tangu leo mwanamke wa Shani atakayeonekana na mkoko uliokatwa asimwite yeye dada. Hakuna aliyeguna. Wasichana wao wakaitikia kwa vigelegele.

Mama yako alikuwa amekaa kimya siku nzima, hajui hata bibi harusi ni nani. Wimbo ulipofika kwenye miguu ya mkoko akaanza kupiga makofi, sawasawa na ngoma. Kisha akanigeukia, macho yake yamefunguka kabisa, na kwa sauti ya kusikika akaniuliza:

"Huu si wa Zuhura wangu?"

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka. Bi. Mwanaidi alikuwa ananitazama.

Nikamwambia, "La, mama. Huu ni wa Shani."

Aliniangalia kidogo, akaniamini, akaendelea kupiga makofi.

Mola akupe nafasi pana hapo ulipo, nami akinileta nitakuja kuketi karibu yako, uniambie mwenyewe ulivyolipokea hili.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako.